Paluku na Wadogo Zake Ndani ya Mashine

Katungu hakuwa mtu wa maneno mengi. Kanisani alipenda benchi la nyuma. Sokoni alinunua sombe, majani ya muhogo, kwa mama yuleyule kila mara, ili asilazimike kuzoeana na mwingine. Na alipokuwa chuo kikuu pale Butembo, kuna mwalimu aliyemaliza mwaka mzima akiamini kwamba yule msichana wa karibu na dirisha ana ugonjwa wa koo. Hakuwa na ugonjwa wowote. Alikuwa anasoma tu, na akiona mtu mwingine yuko tayari kujibu, alimwachia.

Mtu mmoja ndiye aliyejua kumtoa maneno, naye alikuwa Zacharie.

Walisoma pamoja idara ya informatiki, elimu ya kompyuta. Zacharie alikuwa mrefu, mwenye kucheka upesi, mwenye kuimba nyimbo ambazo maneno yake hakuyajua. Walipomaliza masomo, Papa Moustapha, msafirishaji mzaliwa wa Beni aliyekuwa na malori na depo mtaa wa Furu, hapohapo Butembo, aliwaita wote wawili akawaeleza taabu yake. Malori yake yalipeleka mizigo ya watu kutoka Butembo hadi Beni. Kutoka Beni, pikapu na pikipiki zikaisambaza hadi Mangina, Mbau na Mutwanga. Lakini mwenye mzigo hakujua umefika lini. Alikuja asubuhi akakaa mlangoni mwa ofisi ya Beni, akimuuliza kila dereva, mpaka madereva wakaanza kupitia nyuma ya nyumba kama wezi.

"Nataka simu ya mutu ilie," alisema Papa Moustapha kwa Kiswahili cha kwao, kilichochanganyika na Kifaransa. "Muzigo ikifika Beni, simu inalia: kuya, muzigo yako iko hapa. Ni hiyo tu. Munaweza?"

"Tunaweza, Papa," alijibu Zacharie, hata kabla hajafikiri. Katungu aliyekuwa amesimama nyuma yake aliitikia kwa kichwa.

Siku zile, kimoyomoyo, Katungu aliziita siku zake. Walipewa chumba cha nyuma ya depo, kilichonuka mafuta ya mawese na makayabu, samaki wa chumvi, chenye meza moja na kompyuta mbili kuukuu. Umeme ulipokatika walitoka kukaa juu ya magunia ya maharagwe, wakala beignets, maandazi ya mtaani, na Zacharie akamwigiza dereva Ésaïe anavyojieleza kwa askari wa barabarani, mikono miwili juu na kofia mdomoni. Katungu alicheka hadi akashika mbavu. Wapakiaji waligeuka kumtazama, maana hawakuwahi kujua kwamba yule binti ana sauti.

Programu waliiandika kwa JavaScript, si ile ya kupamba kurasa, bali ile inayokaa kwenye seva na kufanya kazi nyuma ya pazia. Programu ya namna hiyo haiandikwi yote katika faili moja refu kama kamba ya ng'ombe. Inagawanywa vipande, kila kipande na kazi yake, na vipande hivyo wenyewe wanaviita moduli. Kimoja kikihitaji kazi ya mwenzake, kinamwita kwa kutaja njia ya kumfikia. Nukta moja mbele ya njia maana yake ni: yumo humuhumu, chumba kimoja na mimi. Nukta mbili maana yake ni: toka kwanza nje, ingia nyumba kubwa, ndipo umtafute. Ukikosea njia, mashine inasema haimwoni mtu huyo, kisha inasimama hapohapo, haina haya.

Ilipofika siku ya kuipa jina moduli ya kwanza, ile ya kuandikisha mzigo unapopokewa Butembo, Zacharie aliinua mikono kama padri kwenye ubatizo.

"Ni muzaliwa wa kwanza," alitangaza. "Na ni mwanaume, juu ya kichwa ngumu: hapana kusikia mutu. Jina yake ni Paluku."

"Zacharie, ni fichier," alisema Katungu, maana lilikuwa faili tu.

"Na sasa? Fichier hapana na baba na mama? Mi baba, weye mama."

Katungu aliinamisha uso kwenye kibodi asionekane, lakini jina likabaki. Kwa Wanande, kabila lao, mtoto hupewa jina kwa kufuata alivyozaliwa: ukisikia mtu anaitwa Kambale unajua kuna kaka aliyemtangulia, na Kasereka anakuja nyuma yake. Basi moduli ya pili ikawa Kambale, ya tatu Kasereka, ya nne Kakule, na ya tano, ya kupanga tarehe, ikawa Katembo. Zote zikalala katika folda moja, kama watoto kwenye mkeka mmoja.

Halafu Zacharie akaondoka. Kaka yake mkubwa aliyekuwa Kanada alimtengenezea makaratasi, na asubuhi moja akapanda gari la kwenda Kasindi, mpakani, akiwa na sanduku moja na koti alilozawadiwa na Papa Moustapha. "Lea batoto vizuri," alimwambia Katungu dirishani. Gari likaondoka.

Naye akawalea. Miaka ikapita. Zacharie mwanzoni aliandika kila wiki, baadaye kila sikukuu, baadaye alituma tu picha za theluji. Katungu aliendelea kukaa katika chumba kilekile, na kila alipofungua folda ile aliyasoma majina polepole kuliko ilivyohitajika. Kambale ilikuwa siku ya harusi iliyopita barabarani ikipiga honi, nao wakapiga honi kwa midomo kujibu. Kasereka ilikuwa msimu wa mvua, bati likivuma hata wakaandikiana karatasi ili wasikilizane. Kakule ilikuwa mahindi ya kuchoma. Hakuna mwingine aliyejua hayo, na hakutamani mwingine ayajue.

Basi mwaka mmoja Katungu aliugua taifodi. Akiwa kitandani, programu ilikwama, na hakukuwa na mtu hata mmoja wa kuigusa. Watu wakarudi kukaa mlangoni pale Beni. Alipopona, Papa Moustapha alimwita.

"Katungu, mwanangu, Mungu ashukuriwe. Mais nimeona kitu. Weye ukilala, kazi yangu inalala. Nimechukua binti mumoja kule Beni, Rébecca, naye amesoma ile masomo yenu. Seva nitaiweka Beni, yeye njo ataishika."

"Ndiyo, Papa."

"Akiweza kuishika pekee yake, sawa, tunabakia na yenu. Akishindwa, naiacha, nanunua ile ya Kampala. Ile iko tayari, unafungua tu. Nakupa mpaka samedi ya wiki ingine."

Katungu aliihesabu ile jumamosi, akasema tena "ndiyo, Papa," akarudi chumbani kwake, akakaa. Hakuogopa kukosa kazi. Mtu aliyesoma kama yeye angepata darasa la kufundisha. Aliiogopea ile folda. Programu ya Kampala ikiingia, Paluku na wadogo zake wangefutwa kwa kubofya mara moja, na siku zile zote za magunia ya maharagwe zisingebaki mahali popote duniani isipokuwa kichwani mwake.

Akautuma mradi Beni. Siku ileile Rébecca akapiga simu, na kwa sauti tu ulijua ni mtu asiyewahi kukaa benchi la nyuma. Alimwita Katungu yaya, yaani dada mkubwa.

"Yaya Katungu! Nimefungua dossier, ile folda yenu. Mais ni famille muzima iko mule!"

Katungu alitabasamu. "Ni Zacharie aliwapa majina."

"Wala usinielezee, yaya. Mi pia ni Munande. Paluku, Kambale, Kasereka, Kakule, Katembo. Inajieleza yenyewe."

Hapo Katungu alitaka kusema neno. Alitaka kusema kwamba majina yale yalifuata siku ya kuandikwa, si zamu ya kufanya kazi. Lakini Rébecca alikuwa ameshahamia jambo lingine, joto la Beni na seva iliyohitaji feni, na Katungu akamwachia kama kawaida yake. Tena alikuwa na furaha ya ajabu ya kusikia majina yale yakitajwa na mtu mwingine kwa upendo. Alipokata simu alijiambia: kumbe yanaeleweka.

Wiki iliyofuata, siku ya jumatano, simu yake ililia kabla hajamaliza chai. Alikuwa Papa Moustapha, na nyuma yake zilisikika sauti za watu wengi.

"Uko wapi? Panda lori ya Ésaïe, kuya Beni sasa hivi. Batu bamejaa hapa kama kwenye mariage, na hapana chakula ya kuwapa!"

Ésaïe aliendesha akiongea njia nzima, kutoka Butembo hadi Maboya na kuendelea, na Katungu hakusikia neno. Walipofika, watu walikuwa wamejaa ofisini hadi barabarani, kila mmoja ameshika simu yake kama hati ya mahakama. Simu zote zilikuwa na ujumbe mmoja: mzigo wako umefika Beni, njoo uuchukue. Na mizigo yenyewe ilikuwa bado Butembo, katika depo, haijapakiwa hata kwenye lori.

Mbele ya wote alisimama mama mmoja mnene mwenye kitenge cha kijani, vumbi hadi kwenye kope. Karani alimnong'oneza Katungu kwamba anaitwa Mama Kavira na ametoka Mutwanga kwa pikipiki, ile ambayo wenyeji wanaiita moto.

"Ni weye njo unaandikia batu bongo mu simu?" Mama Kavira aliuliza, akimaanisha uongo.

"Mama, pole sana."

"Pole mutoto wangu ataivaa? Dimanche ni komunyo yake ya kwanza. Nimeshuka Mutwanga na moto, mugongo inaniuma mpaka kwenye meno, juu ya simu yenu kusema kuya. Robe ya mutoto iko wapi?"

"Iko Butembo, Mama," alisema Katungu.

"Butembo!" Mama Kavira aliwageukia wenzake. "Musikie, ndugu zangu! Robe iko Butembo, mi niko Beni, na simu njo iko na furaha pekee yake!"

Watu wakacheka, hata waliokuwa wamekasirika. Mwanaume mmoja wa Mbau akasema yeye simu yake ilimwita akiwa juu ya mti anakata matawi, karibu aanguke kwa haraka ya kushuka. Katungu alisimama katikati ya kicheko kile, akitamani sakafu immeze. Papa Moustapha akamwokoa: aliwaomba radhi wote mmoja mmoja, akamwahidi Mama Kavira kwamba robe, lile gauni la mtoto, itafika kabla ya dimanche, yaani jumapili, naye atapata ujumbe mwingine, wa kweli. Mama Kavira akasema ujumbe wa kweli ataujua kwa macho yake, akafunga kitenge chake upya, akaenda kutafuta pikipiki ya kurudi.

Katika chumba cha ndani Rébecca alikuwa ameketi mbele ya mashine, macho mekundu, kidevu juu.

"Sikuharibu kitu, yaya. Papa aliniomba niongeze njia ya Mutwanga. Nikafungua fichier ya mbele, ile inaita benzake. Nikakuta bameitwa ovyo: Paluku, halafu Katembo, halafu Kakule, halafu Kasereka, na Kambale wa mwisho kabisa! Nikasema mutu alichanganya. Nikabapanga vile bamezaliwa."

Katungu alivuta kiti akaketi taratibu. Sasa alikuwa ameelewa.

"Kambale njo anatuma message," alisema.

"Na Kasereka?"

"Kasereka anaandika kama lori imefika."

Rébecca alimkodolea macho. "Kwa hiyo niliwaambia batu muzigo imefika mbele ya kuangalia kama imefika."

"Ndiyo."

"Mais yaya! Kambale anangojaje Kasereka? Kwetu ndugu yangu Kambale hapana kungojea mudogo wake hata kwenye bafu!"

"Kambale iliandikwa mbele," alisema Katungu. "Tulikuwa na hamu ya kusikia simu inalia. Ile ya kufika kwa lori tuliiandika nyuma, mvua ilikuwa inanyesha..."

Alisikia mwenyewe jinsi maneno yale yalivyokuwa: hamu, mvua. Mama mmoja alikuwa njiani kurudi Mutwanga mikono mitupu kwa sababu ya hamu na mvua ya zamani.

Papa Moustapha aliingia, akafunga mlango. "Ni kosa ya nani?"

"Ni yangu, Papa," Katungu alisema upesi kuliko Rébecca.

Mzee aliwatazama wote wawili. "Sikuomba mugombee kosa kama nyama. Ninyi Banande, hata mashine munaipa majina ya batoto, nashangaa hamujaibatiza. Samedi iko palepale. Nitamuomba Rébecca abadilishe kitu moja mbele yangu, na weye Katungu hapana kufungua mudomo. Akiweza, tunabakia. Akishindwa, Kampala."

Alipotoka, Rébecca alisema kwa upole, "Yaya, tubadilishe majina."

"Hapana."

Neno lilitoka kwa nguvu hata likamshangaza mwenyewe. Akaongeza, kwa sauti yake ya kawaida, "Nitaandika maelezo pembeni ya kila moja. Utasoma."

"Mi nitasoma, ndiyo. Na mutu atakuya nyuma yangu, hapana Munande, mutu wa Bunia ama wa Kisangani? Atasoma Kasereka, atafikiri ni nini? Ni muziki?"

Katungu alichukua simu yake, akatoka hadi uani, akasimama karibu na tangi la maji. Ilikuwa mchana, huko Kanada kungekuwa kunapambazuka. Hakuwahi kumpigia Zacharie kwanza. Siku zote aliyepiga alikuwa Zacharie.

"Katungu! Eh! Ni weye kweli? Kuko nini, nani amekufa?"

"Hapana mutu amekufa. Ni juu ya Kasereka."

"Kasereka gani? Ule wa kuuza pneus za magari?"

"Kasereka yetu. Fichier."

Zikasikika kelele za mashine za ghala alikofanya kazi Zacharie, kisha kicheko, kilekile, kilichozeeka kidogo tu. "Aaa! Bado munatumikisha ile mambo? Papa Moustapha ni mutu wa ajabu!"

"Zacharie, unakumbuka Kasereka inafanya kazi gani?"

"Kasereka... si njo ile ya kutuma message?"

"Ile ni Kambale."

"Ah bon? Unaona! Nilibazaa mi mwenyewe na siwajue kwa sura." Akacheka tena. "Mais badilisha, Katungu! Unaniulizaje mimi? Tulikuwa batoto. Ile majina nilikuwa nasema tu juu ya kukuchekesha."

Katungu aliuegemea ukuta. "Kunichekesha."

"Na ulikuwa unacheka! Fichiers nimesahau, mais ile kicheko yako, mpaka wapakiaji banaacha kazi... ile hapana. Ngoja, chef ananiita. Salimia nyumbani, hein?"

Simu ikakatika. Ilimuuma Katungu, na hakujidanganya kwamba haikumuuma. Miaka yote hii alikuwa amelinda nyumba ambayo mwenzake alishahama na hata ufunguo hakubeba. Lakini pia kulikuwa na wepesi fulani, kama mtu aliyeshika mzigo wa mwingine stendi kutwa nzima, kisha mwenye mzigo akamwambia: weka tu chini. Kile alichokilinda hasa, kicheko cha siku zile, Zacharie hakukisahau. Hakikuwa ndani ya folda ile hata siku moja.

Akarudi ndani. "Sogea kidogo," alimwambia Rébecca. "Fungua Kambale."

Walifanya kazi alasiri ile yote na kesho yake. Kwanza walitengeneza folda tatu: moja ya mizigo, moja ya njia, moja ya ujumbe. Halafu wakaanza kumhamisha kila mmoja. Katungu ndiye aliyeandika majina mapya, maana alisema ni haki yake kuyafuta ya zamani kwa mkono wake. Paluku akawa pokea-mzigo. Kasereka akawa thibitisha-kufika, na Katungu akasikia kwa mbali bati likivuma. Kambale akawa tuma-ujumbe, na ile harusi ikapita tena barabarani na honi zake, ikaenda zake. Kwa Kakule alisita.

"Hii ilikuwa ya mahindi," alisema, kisha akaona aibu.

"Ya mahindi? Si nimeona ni ya njia?"

"Ni ya njia. Tulikula mahindi tu siku ile."

Rébecca hakucheka. "Nielezee, yaya," alisema. "Kazi hapana kukimbia." Na Katungu, aliyemwachia kila mtu neno tangu utotoni, akaeleza: mahindi, magunia, Ésaïe na kofia mdomoni. Alieleza vizuri hata Rébecca akapiga meza kwa kucheka. Kisha Kakule akawa orodha-ya-njia, Katembo akawa panga-tarehe, wakaendelea.

Walipowasha programu ilikataa. Kila moduli ilikuwa inawaita wenzake kwa njia za zamani, za wakati wote walipolala mkeka mmoja. Sasa kila mmoja ana chumba chake, na nukta moja haikumfikisha mtu popote. Ikabidi wapite faili moja baada ya jingine, wakisahihisha: toka chumba hiki, panda, ingia kile. Palipokuwa na folda ndani ya folda, nukta zilijipanga mbili mbili.

"Toka nje, toka nje tena, zunguka," Rébecca alilalamika. "Yaya, hii si import ya kuita mwenzako, hii ni barabara ya Mutwanga wakati wa mvua."

"Kuko dawa yake," alisema Katungu. Akamwonyesha jinsi ya kuweka katika kila folda faili moja la mlangoni. Kazi ya faili hilo ni kuwajua walio ndani na kuwatoa kwa anayewaita. Anayekuja kutoka nje anabisha mlangoni tu, anasema naomba ujumbe. Hahitaji kujua ndani wanalala vipi, wala nani alizaliwa kabla ya nani.

"Kama Papa Moustapha," alisema Rébecca. "Unaomba kwake, yeye njo anaita mutu."

"Ni vile."

Walipowasha tena, mashine ilikaa kimya, na kimya cha mashine ni baraka. Lori la Ésaïe lilirudi ijumaa na mizigo yote, robe ya komunyo ikiwa juu, imefungwa kwa plastiki. Karani akaandika kwamba limefika. Baada ya hapo tu, ujumbe ukatoka. Hata dakika chache hazikupita, simu ya ofisi ikalia.

"Ni ofisi ya Beni?" Rébecca alisikia sauti ya Mama Kavira, na mbuzi nyuma yake. "Simu imelia tena. Ni ya kweli, ama inajifurahisha?"

"Ni ya kweli, Mama. Niko naiangalia na macho. Nyeupe, na maua mu shingo."

"Iguse."

"Naigusa, Mama."

"Haya. Nakuya. Mais kama ni bongo, ile maua utavaa weye mpaka kwenye kanisa."

Alikuja kabla ya jua kuzama, akaikunjua robe yote palepale ofisini, akahesabu vifungo kwa kidole, akasema "wasingya" kwa Kinande kuwashukuru, akaondoka akiwa ameikumbatia juu ya pikipiki kama mtoto mchanga.

Samedi Papa Moustapha aliketi kiti cha katikati, fimbo magotini. Katungu aliambiwa akae pembeni, aangalie ukuta.

"Batu ba Mbau," alianza mzee. "Kule muzigo inapelekwa na moto. Nataka message ya Mbau itoke wakati moto inatoka hapa Beni, ili mutu atoke shambani, akute moto kwenye barabara. Bengine bote ibakie vile iko."

Rébecca aligeuza kichwa kidogo kumtafuta Katungu. Katungu alikaza macho ukutani, palipokuwa na kalenda ya mwaka uliopita. Akasikia Rébecca akisoma kwa sauti ndogo, "mizigo... njia... ujumbe." Akasikia folda ya njia ikifunguliwa. Vidole vikaandika, vikasimama, vikafuta, vikaandika tena. Mtu alikohoa. Katungu alijua hasa mstari uliohitajika, aliuona kwenye ile kalenda, na ilimbidi aume mdomo asiuseme, yeye ambaye maisha yake yote hakuna aliyewahi kumwomba anyamaze.

"Karibu, Papa," alisema Rébecca hatimaye. "Nimekuweka weye kama mutu wa Mbau. Donc moto inatoka sasa."

Simu ikalia ndani ya mfuko wa kanzu ya Papa Moustapha. Aliitoa, akaiweka mbali na macho, akasoma ujumbe wote polepole, midomo ikitembea.

"Kampala ibakie Kampala," alisema, akasimama.

Katungu alirudi Butembo siku ya pili, baada ya misa. Jumatatu alifungua chumba chake nyuma ya depo, akafuta vumbi mezani, akaiweka simu karibu na mkono wake wa kulia. Haikulia. Jumanne haikulia. Wapakiaji walipita na magunia, lori likaingia, lori likatoka, na kule Beni mambo yalikuwa yanakwenda bila yeye. Ndivyo alivyotaka. Hakujua kwamba kitu ulichokitaka kinaweza kuwa kimya hivi.

Jumatano aliufungua mradi, kutazama tu. Ndani ya folda ya njia kulikuwa na faili jipya, si la kwake wala la Zacharie: Rébecca alikuwa ameandika njia ya Mangina, na jina lake lilikuwa njia-ya-mangina, basi. Katungu alilisoma tangu juu hadi chini, kama anavyosoma mtu kitabu alichoazimwa, na hakuna mahali alipolazimika kumuuliza mtu. Alikuta kosa dogo karibu na mwisho, lisiloweza kumdhuru mtu yeyote. Akaichukua simu ampigie. Kisha akaiweka chini. Rébecca angeliona mwenyewe.